Tetemeko Ligawiwe kwa Haki

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Matetemeko,

Salamu nyingi kutoka bondeni, mtaa tuliojengewa juu ya kinamasi kilichofukiwa. Mimi ni fundi cherehani, mtu mtulivu nisiyependa makuu. Nakuandikia kwa heshima kuhusu upendeleo uliofanyika katika tetemeko la Jumanne.

1. Tetemeko lilikuwa moja, lakini halikutugusa sawa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amejenga kilimani, juu ya mwamba. Anasema alidhani lori limepita. Kwangu, mwendo wa kuitana tu, kabati lilitoka chumbani likaja kusimama mlangoni, na cherehani changu nilikikuta uani.

2. Mtaalamu wenu alikuja kutuelimisha. Aliweka tofali moja juu ya meza, na jingine ndani ya karai la mchanga uliolowa hapo hapo mezani, akaigonga meza kwa ngumi. La kwanza likatulia. La pili likainama, likazama. Akasema ardhi laini huukuza mtikisiko. Nikasimama nikauliza kwa adabu: ikiwa alishaona tofali la pili linaonewa, mbona aliendelea kugonga? Akafuta miwani yake.

3. Mke wangu amehamia kwa kaka yake, na godoro amebeba. Kasema harudi mpaka nyumba itulie. Nimemweleza kwamba nyumba haina kosa, wala mimi, lakini wapi. Mheshimiwa, nalala kwenye mbao za kitanda na nimemkumbuka sana.

4. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Sijaona hata tembo mmoja, ila nyasi ni mimi.

Kwa hiyo naomba tetemeko lijalo lipitie kwanza kilimani, likifika kwetu liwe limechoka. Ikishindikana, tupokezane zamu, mwezi wao na mwezi wetu. Hilo nalo likiwa gumu, mwamba ule upasuliwe, nusu yake iletwe chini ya nyumba yangu. Kuusukuma nitasaidia.

Nisalimie wafanyakazi wote, bila kumsahau yule wa miwani.

Wako anayetikisika,
Fundi Cherehani wa Bondeni

Nyongeza: Kabla ya kutuma barua hii nimepanda kilimani kumsomea mke wangu. Nikiwa nakunywa chai, jirani yangu fundi viatu amekuja mbio kutoka bondeni, vumbi hadi kwenye kope, akidai limepita jingine kubwa kuliko la Jumanne, na kwamba nyumba yangu imelala chini. Chai yangu haikumwagika hata tone. Nimemwambia aache uzushi, huenda lilikuwa lori. Naomba mmchukulie hatua, na malalamiko yangu yote nayafuta, maana watu wa bondeni wanatia chumvi mno.

Mke wangu ameniangalia, akasogea upande mmoja wa godoro.

"Karibu kwenye upendeleo," amesema.