Kiama Ananunua Gari na Mimi Ndiye wa Kuchagua

Jumatatu, 3 Novemba

Kiama ananunua gari! Si gari ya kubahatisha, gari ya kifahari! Na mimi mama yake ndiye nachagua!

Haya. Sasa naweza kukusalimu, kitabu changu. Nimekaa chini, nimekunywa maji.

Alipiga simu asubuhi kutoka Magadi, kule anafanya kazi kwa lile joto la kuivisha yai. Amepata gari mbili kwa yadi moja ya kuuza magari hapa Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Moja ni ya chini, ya spoti, nyekundu. Nyingine ni ya juu, zile kubwa za familia, ya kijivu. Amezitazama kwa simu mpaka macho yakauma na bado hajui. Akasema mama, wewe uko karibu, nenda uzikalie zote mbili uniambie gani inafaa familia.

Mimi! Niliishia darasa la saba! Kijana ana digrii na bado anajua akili iko wapi.

Familia ni yeye, Naliaka bibi yake, wajukuu wangu Ciku na Brayo, na mimi. Hiram mzee wangu simhesabu. Yeye ni mtu wa ng'ombe. Nilimpata akikamua nikamuuliza maoni. Akasema Kiama anunue ile inafika. Inafika wapi? Aliendelea kukamua.

Nimeshamwambia Virginia wa ng'ambo ya barabara. Sikukusudia. Nilikuwa nimeenda kuomba chumvi. (Chumvi niko nayo.) Mkwe wake, yule ameoa binti yake Evalyne, ana gari ya juu, na kila Jumapili tunaambiwa vile Virginia akiwa ndani anaona mpaka milima ya Ngong. Kwa hivyo ya juu imekataliwa. Kiama wangu si mtu wa kuiga.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeenda yadi. Nilivaa ile nguo nilishonewa harusi ya Kiama. Kijana wa kuuza anaitwa Nashon, ana viatu vyenye ncha. Alinikaribisha kama balozi. Karibu mathe, karibu sana mathe, ndivyo vijana siku hizi huita mama.

Nikaanza na ya juu ili niikatae haraka. Kupanda ikawa maneno. Mguu mmoja ulifika, mwingine ukabaki Kitengela. Nashon akaleta kreti ya soda nikapandia. Kusema ukweli huko juu ni kuzuri. Niliona mabati ya nyumba za watu, nikajua nani ana kutu. Halafu nikasikia joto chini yangu. Joto kabisa! Linapanda! Nikamwomba Mungu isiwe ile aibu ninafikiria, tena na nguo ya harusi. Kumbe kiti kinajipasha moto chenyewe. Eti cha mtu wa Ulaya wakati wa baridi. Nikamuuliza Nashon huyo Mzungu mwenye kukaa Magadi ni nani. Akacheka mpaka akashika mlango.

Ya chini sasa! Niliingia kama mtu anaingia kwa maji ya uvuguvugu. Ngozi nyeusi, taa za buluu, usukani mdogo kama sahani. Nikabonyeza kila kitu. Kioo kikashuka, kioo kikapanda, mwanamke akaongea. Nikamjibu.

Shida ilikuwa kutoka.

Goti la kulia lilikataa. Nikavuta, likakataa. Nashon aliponishikia mlango nikamwambia ngoja, nasikiliza redio. Redio haikuwa imewashwa. Akaenda kula chakula cha mchana, akarudi, bado nasikiliza. Mwishowe nilitoka kwa mikono na magoti, nikamwambia nakagua gurudumu. Akasema mathe, wewe unajua gari.

Sasa hili jambo la goti likae hapa, kitabu, lisitoke. Agosti Naliaka aliniona nikishika ukuta nikishuka ngazi. Tangu siku hiyo ni mama apumzike, mama asisumbuliwe na watoto. Shule zimefungwa, na anasema Desemba atawapeleka kwa mama yake Bungoma. Desemba yote! Yule nyanya wa Bungoma nasikia anaruka kamba! Kwa hivyo mimi sina goti. Niko na miguu miwili mizuri, basi.

Nimempigia Kiama. Nimemwambia ile nyekundu ni pana, ni nyepesi kuingia. Kuingia ni kweli.

Jumatano, 5 Novemba

Naliaka amepiga simu. Msichana mzuri, heshima imejaa, lakini anauliza maswali kama askari wa barabarani. Viti vya watoto vitatoshea? Buti ya nyuma inabeba nini? Na mvua ikinyesha, mama, ile barabara yenu ya udongo mweusi? Nikamwambia barabara imetengenezwa.

Haijatengenezwa. Lakini leo haikunyesha, na kukiwa kukavu huwezi kujua.

Swali la buti lilinipata, hata mimi nikataka kujua. Nimerudi yadi na vitu vya familia: sufuria yangu kubwa ya sherehe, gunia la viazi, ndizi mkungu mmoja, na jogoo. Gari ya chini inameza sufuria, au inameza gunia. Si zote mbili. Nikaweka gunia kiti cha nyuma nikalifunga mshipi kama Ciku. Likakaa vizuri, halikulia. Jogoo, Nashon alimkataa. Alisema ngozi ya kiti ina roho yake. Nikataka kujaribu na ile ya juu, kujua tu. Ilimeza kila kitu na nafasi ya mbuzi ikabaki. Sijamwambia mtu.

Nimempigia Naliaka nikamwambia buti inatosha sufuria kubwa. Ni kweli.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimefanya jambo. Ni jambo zuri. Nafikiri.

Kwa mkutano wa kina mama wa kanisa nimetangaza sala ya kuombea gari mpya. Hapa kwangu, kwa hema, chai na mchele. Mchungaji Kathini amekubali kuja. Akauliza siku gani, nikasema nitawaambia, inategemea ratiba ya gari. Kina mama wakauliza rangi, nikasema nyekundu. Wakaamua hapo hapo: vitambaa vya kichwa vyekundu vinunuliwe, wote tufanane na gari. Ni gari ya nani mwingine hapa Kitengela imewahi kufananishwa na kanisa zima?

Virginia alingoja watu wamalize kupiga makofi. Akauliza kwa upole, Mama Kiama, ni kweli hiyo gari ni ya chini? Nikasema ni ya spoti. Akasema sawa, ni vizuri, mbuzi wakipita watakuwa wanaiona utosi. Watu walicheka! Hata Mchungaji Kathini alijifanya anakohoa.

Nikamjibu heri kuonwa utosi kuliko kupandia gari kama unaezeka nyumba.  Virginia alitazama viatu vyake. Nilishinda, lakini sikuelewa nimeshinda kwa nini.

Jioni Kiama amepiga. Yuko likizo fupi. Kesho anakuja na Naliaka na watoto, na Nashon atawaletea gari zote mbili wazijaribu. Wapi? Mpaka kwa lango letu!

Kumeanza kunyesha.

Ijumaa, 7 Novemba

Kumekucha kunanyesha. Barabara imekuwa uji wa wimbi. Nimevaa gambuti za Hiram, nimechukua jembe lake, nimeziba lile shimo la barabara mbele ya lango la Virginia na mawe, mabua na zulia kuukuu. Hiram alisimama na mwavuli akanitazama. Akaniita jina langu, Wamaitha, akasema kama unataka watoto, waambie unataka watoto. Nikamwambia ashike mwavuli vizuri. Mtu na heshima zake haombi wajukuu wake kama anaomba chumvi.

Saa nne nikaiona. Nyekundu! Inang'aa kwenye mvua kama nyanya imeoshwa. Nashon kwa usukani, Kiama mbele, Naliaka na watoto nyuma, magoti kwa kidevu. Ile ya juu inafuata mbali, na kijana mwingine. Ikapita kwa fundi wa viatu, ikapita kwa posho mill ya kusaga unga, nikaanza kupiga vigelegele.

Ikafika kwa zulia langu. Zulia likazunguka kwa gurudumu, likapotea. Mbele ya lango la Virginia, kitabu! Si kwingine! Ikakaa kwa tumbo kama kuku wa kuatamia. Na njia ni moja, kwa hivyo ile ya juu nayo ikazuiwa nyuma yake.

Kila mtu akashuka kusukuma. Kiama akaniona nalowa, akasema mama ingia ndani. Nikaingia mbele. Hata kwa shida hiyo, nilikaa vizuri, nikashusha kioo kidogo nionekane.

Mzee mmoja wa ng'ombe akapita na mifugo yake. Akanisalimu kwa Kimaasai takwenya, nami nikaitika iko, kutoka huko chini. Ng'ombe walinitazama utosi, kweli. Akamuuliza Kiama kama hii imelala au ni mgonjwa.

Wakasukuma. Hakuna. Kiama akaja dirishani akasema mama, shuka kidogo tupunguze uzito. Nikamwambia naomba. Akangoja. Akarudi, nikamwambia bado naomba, nimefika kwa wagonjwa. Naliaka alianza kunitazama na yale macho ya Agosti. Nikavuta goti. Kimya. Nikaiona Desemba inaondoka, inaenda Bungoma.

Hapo ndipo Virginia alitoka kwa lango lake na mwavuli. Alifungua mlango wangu, akanitazama uso, akatazama goti. Akajua. Nikangoja atangaze. Ningekuwa mimi ningetangaza.

Akainama akanong'ona kwamba yeye kwa gari ya mkwe wake hupandia kiti cha jikoni, Evalyne hukificha kwa buti. Halafu akapaza sauti watu wasikie: ngojeni, nguo ya Mama Kiama imenaswa na mshipi! Akanifunika na mwavuli, akanishika kwapa zote mbili, akaning'oa kama muhogo. Tukasimama tumeshikana kwa matope, tunahema. Hakuna aliyeona.

Ciku aliona. Akaniuliza mimi nyanya yake: Cucu, mbona goti lako limelia kruu? Nikampa mandazi.

Gari haikutoka, na ile ya juu haina kamba ya kuvuta wala pa kugeuzia. Nashon amerudi mjini kwa miguu kutafuta kamba, viatu vya ncha ameweka kwa mfuko. Watoto wamelala hapa!

Jumamosi, 8 Novemba

Siku nzuri kuliko Krismasi. Ciku amekamua na babu yake, kikombe nusu. Brayo amekula chapati mpaka akalala nayo mkononi. Nimewasimulia hadithi zote za babake, hata ile ya kuogopa bata. Goti halikuuma hata kidogo, au liliuma sikusikia.

Saa nane jua likawaka. Ile ya juu ikafungwa kamba, ikavuta nyekundu kutoka kwa matope kama jino. Kina mama walikuwa wamejipanga kutazama. Wengine walishavaa vitambaa vyekundu, wakijaribu.

Kiama akaosha mikono akasema basi, ameona. Amechukua ya kijivu. Mimi nikasema hata mimi ndivyo nilikuwa nimechagua tangu Jumanne, nilitaka tu ajionee.

Jumapili, 9 Novemba

Wameenda.

Kiama alirudi kutoka yadi na gari ya kijivu mpaka langoni, ikazunguka kwa yale matope kama haiyaoni, wakanywa chai moja, wakaenda. Haikuteleza hata mara moja! Nilisimama pale na chapati nimefunga za kuwakawiza na hakukuwa na wa kukawia. Naliaka alikumbatia shingo yangu akasema mama pumzika sasa, na kwa hii gari nzuri hata Bungoma ni hapa tu, Desemba watoto hawatachoka njiani.

Ile inafika! Hiram alisema inunuliwe ile inafika! Inafika Bungoma!

Nyumba imenyamaza. Brayo amesahau kiatu kimoja. Hiram amesema tena, kwa upole, nimpigie Naliaka nimwambie goti linauma na watoto nawataka pamoja na goti. Huyu mzee ananishangaza. Anafikiri mambo hurekebishwa kwa kuyasema.

Nimeketi nikafikiri kama mtu mzima. Gari ya juu ilifika, watoto wakaenda. Gari ya chini ilikwama, watoto wakalala. Kwa hivyo ya familia ni gani? Jibu liko wazi. Shida si gari ya Kiama kuwa ya juu. Shida ni shimo letu kuwa dogo.

Nimeenda kwa mwenye lori la maji nikamuuliza, kujua tu, gari kubwa ya familia inaweza kuzama kwa maji ya lori ngapi. Akanitazama sana. Akasema hajawahi kuulizwa, lakini kwa udongo huu mweusi, yakimwagwa tangu jana yake, moja na nusu. Nimeagiza mawili. Virginia amekubali yamwagwe mbele ya lango lake. Aliuliza kwa nini, nikamwambia natuliza vumbi. Alinitazama goti, akacheka, akasema atapika pia yeye, wageni wakilala watahitaji chakula cha jioni. Sijui amejuaje. Labda anataka tu kukaa meza ya mbele.

Vitambaa vyekundu tumeshanunua, kwa hivyo gari itafungwa navyo kutoka mbele mpaka nyuma, na atakayesema ni ya kijivu hana imani. Mchungaji Kathini nimemwambia sala iwe ndefu. Naliaka nimemwambia walete nguo za kubadilisha, hapa kuna baridi. Virginia aje na kile kiti cha jikoni, kitatupandisha sote wawili.

Maji yanamwagwa Ijumaa, tarehe 21. Kiama, Naliaka, watoto, kina mama wote na gari yenyewe: sala ni Jumamosi, tarehe 22, saa nne asubuhi.