Dakika Tatu za Perlita

Jumapili, 6 Oktoba 2002

Nimeingia kwenye biashara ya kadi za simu za ng'ambo. Mimi, Teryo, niliyefika Manila mara mbili! Hata aliyeishia darasa la sita kama mimi anaielewa: unaandikisha mtu awe mguu wako wa kushoto, mwingine wa kulia, nao waandikishe wenzao, wewe umelala, pesa zinaingia. Miguu ikijaa, mke wangu Perlita anarudi kwetu Iloilo. Miaka minne anaogesha watoto wa watu Hong Kong. Jumatatu ya tarehe 14 tajiri wake anataka asaini mkataba wa miaka miwili mingine. Mto wake wa kulalia bado nauanika kila Jumamosi.

Mguu wa kushoto: mama mkwe. Anasema amesaini ili ninyamaze.

Kampuni hunipa dakika tatu za bure kila Jumapili, za kuonjesha wateja. Ng'ambo namjua mtu mmoja tu. Nikampigia. Mama mkwe akamsimulia jino lake linalouma. Abundio kinyozi akaagiza viatu, namba tisa. Simu iliponifikia nikasema, "Perli..." Ikakatika.

Lakini sauti safi! Wote walisifu.

Jumatano, 9 Oktoba

Abundio, msaliti! Baba wa ubatizo wa mwanangu! Ameandikishwa na mwalimu wa kwaya, na sasa anaandikisha mtaa mzima wakiwa na sabuni kidevuni. Watakimbilia wapi? Nilipomlaumu akaniita pare, yaani rafiki wa ubatizo: acha kununa, njoo uwe mguu wangu. Mimi, niwe mguu wa kinyozi! Nikainuka kitini, nikaondoka.

Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeshanyolewa.

Jumapili, 13 Oktoba

Leo haonjeshwi mtu. Nimejifungia bafuni. Maneno nimeyafanyia mazoezi mbele ya ndoo: usisaini, rudi, hata miguu isipojaa tutakula wali na samaki mkavu.

Nikapiga, Perlita akapokea. Nyuma yake nasikia mayaya wenzake wanacheka; hujaa uwanjani, hukalia makatoni, siku yao ya mapumziko. Akasogea pembeni. Akauliza kwa sauti ndogo: Teryo, nirudi? Sema tu, mpenzi, narudi.

Nikauliza, hao wanaocheka ni wangapi?

Akasema maelfu, kila Jumapili wako hapa.

Maelfu! Na kila mmoja ana mume kwao, ana mama, ana hamu ya kuongea! Nikaanza kumweleza habari za mguu wa kulia.

Ikakatika.

Jumatatu, 14 Oktoba

Meseji. Amesaini. Miaka miwili. Viatu vya Abundio vinakuja.

Nimekaa na mto wake kifuani mpaka wali ukaungua. Hauna tena harufu yake, una harufu ya jua tu. Mama mkwe ameukwangua ukoko huku akifuta macho. Ni jino, alisema baadaye.

Halafu nikapata akili. Miaka miwili, Jumapili zote hizo, yeye yuko katikati ya maelfu! Abundio atawapata wapi watu kama hao? Jumapili nitamweleza vizuri, taratibu. Dakika tatu ni nyingi kwa mtu anayejua kupanga maneno.