Umri Wangu wa Kweli na Ule Mwingine

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Saa ya mwalimu mkuu imerudi. Ya tatu kurudi ndani ya wiki moja. Nilifunga skrubu mahali pa skrubu nyingine, sasa mshale wa sekunde unakimbia na wa dakika umegoma. Nikamwambia ni unyevu. Si unyevu. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, daktari alishasema, na upasuaji wake nitaulipia nini? Fundi saa asiyeona skrubu! Naogopa. Nimeliandika hilo mara moja, sitalirudia.

Lakini leo gari la matangazo limepita. Bima ya afya ya serikali kwa wazee! Ukifika miaka sitini na mitano huchangii kitu, na upasuaji wa macho umo. Mwisho wa kujiandikisha Ijumaa. Mimi nina sitini na saba. Niliimba peke yangu kibandani mpaka nilipokumbuka kitambulisho.

Kitambulisho kinasema hamsini na mitano. Kosa si langu. Siku ya kuandikishwa, karani aliniuliza mwaka wa kuzaliwa kwa sauti ya mnadani, na nyuma yangu kwenye foleni alikuwa Mama Cherehani, mshonaji wetu, mjane, mwenye kicheko cha kumsahaulisha mtu jina lake. Ningefanyaje? Nilipunguza kumi na miwili.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata dawa. Karani wa bima ana macho. Akiona mzee, ataandika mzee. Tatizo ni nywele, nazipaka rangi nyeusi kila mwezi na haitoki kwa sabuni. Nikajimwagia unga wa ngano. Nikaazima fimbo ya dada. Mgongo nikaupinda kwa bidii.

Foleni ndefu, paa la bati, jua la kupasua vichwa. Kufika dirishani, unga ulishakuwa donge na unateremka kwenye nyusi. Karani, binti mpole, akaniuliza kama nimetoka kukanda mkate. Akatazama kitambulisho. Akasema nirudi baada ya miaka kumi, au nijiunge sasa kwa kuchangia kila mwezi kama vijana wenzangu. Vijana wenzangu! Kwa mara ya kwanza neno hilo limenikera.

Nikasema mwaka ulikosewa. Akasema, bila kucheka, kwamba umri husahihishwa kwa kiapo, si kwa unga. Nilete mashahidi wawili wenye sitini na mitano au zaidi, walionijua tangu utoto. Nimerudi nyumbani wima. Mgongo sasa unauma kweli.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Shahidi wa kwanza hakunisumbua. Dada yangu ana sabini na moja na anautangaza umri wake kama cheo. Amekubali papo hapo. Amekubali mno. Anataka kumweleza karani nilivyokojoa kitandani hadi darasa la tatu, kama ushahidi wa ziada. Nimemsihi ajibu anachoulizwa tu.

Shahidi wa pili ndiye balaa. Wenzangu wengine wameshatangulia mbele ya haki au wamehamia kwa watoto wao. Amebaki Kinyozi. Kibanda chake kinatazamana na changu. Tulikaa dawati moja miaka saba, akinakili hesabu zangu, na makosa yangu akayanakili vilevile. Anadai ana hamsini na minne. Mwaka juzi alinunua kioo kirefu, na tangu hapo Mama Cherehani husimama pale kujitazama akitoka sokoni. Mimi nina saa ishirini ukutani, hajasimama hata siku moja kuuliza saa.

Nikapiga moyo konde, nikavuka barabara. Nikamwomba kwa adabu. Akanitazama kwa uso mkavu, akasema hakuwahi kusoma nami, labda alisoma na marehemu kaka yangu mkubwa. Sina kaka mkubwa! Sikuwahi kuwa naye! Mwongo asiye na haya. Watu wa namna hii wanaiharibu nchi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Picha! Dada ana sandukuni picha ya darasa letu, na mwaka umeandikwa kwa chaki kwenye kibao. Sote wawili tumo. Nitamwekea Kinyozi mbele ya wateja: ama aape, ama picha iende kwa Mama Cherehani. Nimemvizia dada alipokwenda kisimani, nikaichukua haraka, nikaitia kwenye bahasha.

Kinyozi alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Nikaitoa picha kwa madaha. Nikamwonyesha: huyu mimi, huyu wewe, mwenye masikio makubwa. Akaipokea. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Akasema kwa hasira kwamba yeye si huyo wa masikio, yeye ni yule mrefu wa nyuma. Nikasema yule mrefu ni mwalimu. Akasema mwalimu ndiye huyu mnene. Tukabishana mpaka mteja akainuka na kitambaa chake shingoni, akachungulia.

“Wazee wangu,” akasema, “hawa ni ng'ombe.”

Ilikuwa picha ya maonyesho ya mifugo, ng'ombe watano na kikombe cha ushindi. Mteja akashika kichwa chake, upande ulionyolewa na upande uliobaki, akamuuliza Kinyozi anaona vidole vingapi. Kinyozi akasema vitatu. Mteja hakuwa amenyoosha hata kimoja. Mteja akaondoka hivyo hivyo, nusu kwa nusu.

Kinyozi akakaa kwenye kiti cha wateja. Akasema ni mwaka wa pili sasa ananyoa kwa kupapasa. Anaogopa sikio la mtu. Nikamwambia mimi naogopa skrubu. Sijui kwa nini, tukacheka hadi machozi. Halafu akasema atakwenda, ila tutembee mbalimbali, tusionekane pamoja tukielekea dirisha la wazee.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Tulikwenda mbalimbali. Mimi kwa barabara kuu, yeye kwa uchochoro, dada katikati akituita wote wawili kwa sauti.

Kitambulisho cha Kinyozi kina umri sahihi, amekificha miaka yote chini ya mikasi. Sitini na sita. Akaapa kwamba ananijua tangu chekechea. Dada akaapa, na kile cha kitandani akakisema. Karani akasahihisha fomu yangu, akatangaza dirishani: sitini na saba! Macho, upasuaji, Jumatatu ijayo! Mtu wa nyuma akacheka. Kicheko kile. Nilikijua kabla sijageuka.

Mama Cherehani, fomu mkononi. Aliyevuliwa nguo huchutama, lakini pale hapakuwa na nafasi ya kuchutama. Nikaanza kueleza habari za unyevu. Hakunisikiliza. Akamwambia karani, wazi, kama anayeagiza vitambaa, kwamba yeye ana sitini na minane. Kisha akatugeukia.

“Kumbe ni wakubwa wenzangu! Miaka yote hii nawaona watoto. Mimi kijana wa hamsini ataniongezea nini? Nataka mtu mzima, aliyetulia.”

Miaka kumi na miwili nimejizibia njia kwa mikono yangu mwenyewe! Sikulala mchana. Kadi tumepewa papo hapo, zina picha, jina na mwaka wa kuzaliwa. Karani aliongeza maelezo marefu kuhusu kuitunza kadi. Sikuyasikia, Mama Cherehani alikuwa anafunga kilemba.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimejifunza. Uongo wa kupunguza umri ni upumbavu, sitaurudia maishani. Mama Cherehani anataka mtu mzima. Sawa. Kadi ya serikali ndiyo ushahidi, na Jumatatu, ameahidi, atanisindikiza hospitali, ataiona. Nimekaa mezani na sindano yangu nyembamba kuliko zote na wino wa kuandikia nyuso za saa. Tarakimu moja tu! Sasa nina sabini na saba. Imetulia hasa, ingawa siioni vizuri.

Kinyozi akaja na yake, ananong'ona. Rafiki ni rafiki, nikamsaidia. Nimempa sabini na moja. Alitaka themanini, tamaa mbaya.

Dada alituletea chai, akaokota kadi yangu, akaanza kuyasoma yale maandishi madogo ya nyuma: “Kadi yoyote itakayobadilishwa itafutwa mara mo—” Nikamnyang'anya kabla hajamaliza. Sina muda wa mambo madogo. Lingekuwa jambo la maana, wangeliandika kwa herufi kubwa.