Mwenyekiti Asiyevuja

Jumatatu, 2 Juni
Mazoezi ya kuvuta kamba yameanza. Bado siku kumi na mbili tukutane na akina mama wa Kanyangi. Atakayeshinda anaenda nyumbani na tangi la lita elfu tano. Mimi, Kalekye, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama hapa Mbooni, ndiye mvutaji wa mwisho, yule anayejifunga kamba kiunoni. Miaka sita sasa. Kilo tisini na moja. Hakuna aliyewahi kunisogeza!

Leo nimevuta mara moja, mkojo ukatoka. Si mwingi. Wa kutosha. Nikaketi haraka kwenye nyasi zenye umande, nikasema nimeteleza. Nduku, makamu wangu, akauliza nimetelezaje na nilikuwa nimesimama tu. Huyo mama na maswali! Anakimezea mate kiti changu tangu mwaka juzi. Akijua hili, nimekwisha. Kiti kinaenda, kamba inaenda, na jina jipya nitapewa kabla jua halijatua.

Hatajua. Mimi nina akili.

Jumanne, 3 Juni
Mpango ni rahisi. Nisipokunywa, nitakojoa nini? Asubuhi sikuonja chai wala uji wala maji. Saa nne kichwa kikaanza kugonga. Kwenye mteremko wa kwenda uwanjani nikaona Nduku wawili. Mmoja tu hunitosha!

Mwau wa boda boda akanirudisha nyumbani. Vumbi likanipanda puani, nikapiga chafya tatu. Mwau akasimamisha pikipiki, akauliza kama mtungi wangu unavuja. Nikamwambia ndiyo, ni wa zamani. Sikuwa na mtungi.

Jioni mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, na unachoma. Mpango ulikuwa mzuri. Ni vumbi lililoharibu.

Jumatano, 4 Juni
Nimejiteua kocha. Kocha havuti, anapuliza filimbi. Nikamwambia Nduku mbele ya wote kwamba ninampa heshima ya kuvuta mwisho. Nilidhani atairukia. Akakataa! Eti mgongo. Nikamgeukia Kalondu, akasema goti. Mbinya naye akasema ana mafua. Magonjwa yote yamewaingia leo. Wavivu wakubwa!

Nikapuliza filimbi kwa hasira. Woi! Pumzi moja tu. Nikajifunga leso juu ya sketi, nikatangaza kwamba mazoezi yamekwisha, jua ni kali. Ilikuwa saa tatu na mawingu.

Ijumaa, 6 Juni
Nimekwenda zahanati ya mbali, kule bondeni, ambako hakuna anayenijua. Nesi anaitwa Sista Khamisa, mpole, mwenye macho ya kuona kila kitu. Nikamwambia shida si yangu, ni ya rafiki. Akauliza rafiki ana watoto wangapi. Nikasema sita, kama mimi. Ana uzito gani? Nikasema tunaazimana nguo.

Akaeleza vizuri. Kwamba chini ya kibofu kuna misuli inayokifunga. Kuzaa huilegeza, na uzito, na kubeba mizigo miaka nenda miaka rudi, na umri pia. Basi ukikohoa, ukicheka au ukivuta kitu, tumbo linasukuma na misuli inashindwa kuzuia. Si laana, si uchafu, na kunyima mwili maji kunaongeza taabu. Dawa ya kwanza ni mazoezi: kaza kama anayezuia mkojo na hewa pamoja, hesabu mpaka tano, legeza. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, miezi mitatu. Isiposaidia, arudi, kuna njia nyingine.

Kisha akaomba jina la rafiki na simu, amfuatilie. Sikufikiria hata kidogo. Nikampa jina la Nduku na namba yake. Nimecheka njia nzima! (Nilibadilisha sketi nilipofika.)

Jumapili, 8 Juni
Nimefanya mazoezi kanisani wakati wa mahubiri. Mchungaji akaona uso wangu umekaza, akadhani nimeguswa, akaja kuniombea kwa sauti. Nikapoteza hesabu.

Siku mbili sasa. Nadhani nimepona. Miezi mitatu ni ya watu wa kawaida. Wakati wa sifa nikaruka mara moja kujipima. Sijapona. Lakini niko karibu.

Jumatatu, 9 Juni
Nduku ameitisha mkutano Jumatano bila ruhusa yangu. Anasema kuna mgeni. Anatabasamu ovyo. Sipendi.

Jumatano, 11 Juni
Mgeni ni Sista Khamisa! Nikatamani ardhi ipasuke.

Nduku akasimama. Akasema amevuja miaka minne na hajamwambia mtu, hata mumewe. Kwamba Ijumaa nesi asiyemjua alimpigia simu, akamuuliza habari ya ugonjwa wake kwa jina lake. Kwamba huo ni mkono wa Mungu. Akalia. Kalondu akalia. Nami nikajifuta macho kwa leso, nakiri hapa tu. Sista akauliza wengine wenye shida hiyo wainue mkono. Tuko kumi na wawili. Mikono kumi na moja ikapanda! Mgongo, goti na mafua, wote!

Mkono wangu ulikuwa unakwenda juu. Kweli. Ukafika begani. Kisha nikamwona Nduku ananitazama kwa huruma. Huruma! Mimi! Nikajikuna shingo, nikaushusha.

Sista Khamisa akaniangalia kwa muda mrefu. Akauliza kwa upole kama mwaitu, mama mwenyekiti, ana hakika. Nikasema mimi ni jiwe.

Wakapiga makofi. Sista akawashauri wasijikaze sana mpaka misuli ipate nguvu, basi wakakubaliana Jumamosi wao watashika kamba kwa upole, na uzito wote niubebe mimi. Pia nitabeba mitungi ya maji ya timu. Pia nitaongoza densi ya kuruka, kwa sababu sina shida. Na kila Alhamisi wao kumi na mmoja watakutana kwa Nduku kufanya mazoezi na kunywa chai. Mimi sikualikwa. Ningekwenda kufanya nini?

Wakaniinua juu kwa furaha, nikacheka. Naandika haya nimejifunga leso, sketi iko kwa waya inakauka. Haidhuru. Mimi ndiye mzima wa kikundi hiki. Imeandikwa kwenye kitabu, na katibu ametia sahihi.