Ombi la Kumhamisha Ezra Njogu, Ndege wa Porini

Elsie Wacuka Njogu,
Kitengela.

Kwa Bwana Afisa wa Wanyama Wasumbufu,
Kaunti ya Kajiado.

Ndugu Afisa,

KUH: MUME WANGU KUCHUKULIWA NA GARI LENU

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba wewe na wanyama wako hamjambo. Huenda unanikumbuka. Mimi ndiye yule mama aliyekuletea kiti na chai ulipokuja kwa Lemein, jirani wa kiploti chetu kule Kisaju, kupima nyayo za fisi aliyekula mbuzi wake wawili. Ulipima kwa utepe, ukaandika, ukamsikiliza Lemein mpaka akamaliza, na baada ya wiki moja gari lenye kizimba likaja likamchukua fisi. Nilijiambia siku hiyo kwamba hapa kuna ofisi. Nimekuwa karani wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita na ofisi naijua nikiiona.

Sasa ni zamu yangu. Nina mnyama msumbufu nyumbani. Ni ndege. Jina lake ni Ezra Njogu, ana miaka sitini na saba, na tumekuwa katika ndoa tangu mwaka wa 1987. Najua Njogu kwa Kikuyu ni ndovu, na kama angegeuka ndovu ningeelewa, kwa maana jina lingekuwa limetuonya mapema. Lakini amegeuka ndege, tena mdogo.

Nieleze ilivyoanza. Hapa mjini kuna msichana anaitwa Kakenya, binti wa watu wa Bisil, mwenye studio ya picha juu ya duka la dawa za mifugo. Yeye hapigi picha za pasipoti. Anapiga picha za watu wakiwa ndege wa porini, tena wale wa hapa kwetu tu; ukimwambia unataka kuwa tausi anakuonyesha mlango. Habandiki mtu manyoya. Anashinda nawe siku nzima ukifanya kazi zako, anakutazama unavyotembea, unavyokula na unavyogombana, kisha jioni anakuambia wewe ni ndege gani. Ukishaambiwa, unatafuta kabatini mwako nguo zenye rangi za huyo ndege, mnakwenda mbugani upande wa Kisaju, na hapo ndipo picha inapigwa. Hakuna rufaa.

Katoo, dalali wa ng'ombe katika soko la Bisil, alifanywa yule ndege anayeshinda mgongoni mwa ng'ombe wa wenyewe akila kupe. Alifurahi, akaitundika picha mahali wateja wanapoiona. Mwenyekiti wa kamati yetu ya maji alifanywa korongo, yule mwenye kipara na mfuko shingoni anayesimama jaani, na mpaka leo anasema siku hiyo mwanga ulikuwa mbaya. Rafiki yangu Florence alifanywa kanga. Hapo msichana hakukosea, kwa kuwa Florence akiingia mkutanoni huingia na wengine kumi nyuma yake, na wote wanaongea.

Mimi aliniita mara tatu. Nilikataa mara tatu. Mwanamke mwenye heshima zake hawezi kufuatwa kutwa nzima na mtu mwenye kamera halafu aambiwe yeye ni kunguru.

Ezra alikubali mara ya kwanza. Msichana akaja kwetu, akashinda, akanywa uji wangu vikombe viwili, akaondoka akitabasamu. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia, nami nimeyapanga kwa nambari ili usipate taabu.

1. Mali. Ndege huyu alichukua pazia langu la sebuleni, la manjano, pamoja na kitambaa chekundu cha meza ambacho hutandikwa Krismasi peke yake. Alichukua pia koti lake jeusi, lile alilonioa nalo, akalishonea vifungo vyeupe visivyopungua hamsini kwenye mabawa, yaani mikono. Alishona mwenyewe. Mtu huyu aliendesha lori la simiti miaka thelathini na moja katika barabara ya Namanga, na kifungo kikimkatikia njiani alirudi nacho mfukoni nimshonee mimi.

2. Picha yenyewe. Jina la ndege huyo kwa Kiswahili silijui. Ni mwekundu na wa manjano, mgongo mweusi wa madoadoa meupe, na ukipita Kisaju utamwona juu ya kichuguu akipiga kelele. Haya. Lakini picha imeharibiwa. Niliiona kule studio. Ezra amesimama upande mmoja wa kichuguu, mdomo wazi, na upande wa pili hakuna kitu. Nusu ya picha ni udongo mtupu. Ningesema ni uzembe wa mpiga picha kama si macho ya Ezra. Amegeuka anaiangalia ile nafasi tupu, na macho yale mara ya mwisho kuyaona ilikuwa 1987, na niliyaona kwa sababu yalikuwa yananiangalia mimi.

Sasa naomba serikali inisaidie kujua anamwangalia nani. Florence anasema nafasi ya namna ile haiachwi bure, ina mwenyewe. Florence ni kanga lakini si mjinga. Zaidi ya hayo, Ezra amepigilia msumari katika ukuta wa sebule tangu mwezi wa tatu, na msumari huo hauna kitu. Nikimuuliza picha iko wapi anasema haijaisha. Picha ya udongo inaishaje?

3. Kelele. Kila asubuhi saa kumi na mbili anapanda juu ya lundo la kokoto aliloliacha jirani anayejenga, halafu anaita. Haimbi wimbo mzima. Anaimba nusu, ananyamaza, anategea sikio kama mtu anayengoja simu ipokewe, kisha anarudia nusu ileile. Kelele naweza kuzivumilia, Afisa, nimefanya kazi shuleni. Kinachonishinda ni jambo kuachwa nusu. Nasimama jikoni nikiingoja nusu ya pili, haiji, na uji unafurika. Mlinzi wa ploti ya pili aliniuliza kama mzee ni mgonjwa. Nilimwambia ni mazoezi ya kwaya, na kwa uongo huo pia namdai Ezra.

4. Nyumba. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tuna kiploti Kisaju, tulichokipata kwa kujinyima sana, ili tukazeekee pale. Fundi Wanyoike ameshapima. Sebule inaangukia palepale penye kichuguu kirefu kunizidi, na ndege hao ndimo wanamoishi. Siku Wanyoike alipokuja na watu wa sururu, Ezra alisimama mbele ya kichuguu akiwa na koti lake la vifungo, akasema nyumba ndiyo itakayosogea. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyoyasema mwezi huo. Kazi imesimama wiki ya sita sasa.

Mimi nina miaka sitini na tatu. Nyumba ile nimeiwaza tangu nikiwa bado nachapa barua za mwalimu mkuu. Nilidhani lori likishaegeshwa kwa mara ya mwisho nitapata mtu wa kukaa naye kwenye veranda, tunywe chai tukiwa wawili, maana miaka yote ile niliinywa peke yangu. Sasa naona veranda nitaipata na mtu sitampata. Inaniuma, sitakuficha.

5. Chakula. Anakula mapapai akiwa amesimama, na nyanya zinazotoka mashamba ya Kimana anazimeza bila kukatwa. Mvua ya Aprili iliponyesha na kumbikumbi wakatoka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza nje na sufuria. Ni kweli hata mimi nilikula, wakikaangwa na chumvi ni watamu, lakini mimi sikupigwa picha.

6. Sheria. Hapa ndipo utaona sina njia nyingine. Lemein alipotaka kumaliza fisi kwa mkuki, wewe mwenyewe ulimwambia mbele yangu kwamba wanyama wote wa porini ni wa serikali na hakuna anayeruhusiwa kuwafanyia apendavyo. Mwananchi hawezi kuwafuga bila kibali. Sasa tazama. Ezra ana rangi, ana sauti, ana kichuguu, na ana picha ya kuthibitisha, ambayo hapa mjini siku hizi inaheshimiwa kuliko kitambulisho. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miezi miwili nimekuwa nikifuga ndege wa serikali, nikimfulia na kumpikia, bila karatasi hata moja. Mimi ni mtu wa karatasi. Nimekisoma tena cheti cha ndoa pande zote mbili. Kinataja mwanamume, na ndege hatajwi popote.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu kwamba Ezra Njogu achukuliwe na gari la kizimba na kuhamishiwa porini. Amboseli itafaa. Ikiwa Amboseli kumejaa, basi hata ukingoni mwa Kimana, karibu na nyanya. Fidia siombi, na fisi wa Lemein asitumiwe kama kipimo, kwa maana yeye alikula mbuzi tu.

Ili kazi yenu iwe rahisi, njooni siku ya Jumanne baada ya uji. Hang'ati. Mkimshika, msimvute mkono wa kushoto, una baridi yabisi tangu enzi za lori. Dawa yake ya presha ni tembe moja kila asubuhi, na atawaambia ameshameza. Hajameza, mpaka umsimamie. Chai iwe ya moto. Akipewa ya vuguvugu anainywa tu bila kusema, halafu tumbo linamsumbua kutwa. Sweta yake ya kijivu nitaiweka kwenye mfuko pamoja na soksi, na kule asubuhi huwa na baridi, kwa hiyo askari mmoja ahakikishe ameivaa. Mkimwachilia, msimwachilie mbali sana na barabara. Akipotea hataki kuuliza njia.

Wasalimie wote hapo ofisini: karani wako, ambaye naamini anatunza faili vizuri, dereva wa gari la kizimba, askari wote na wake zao, na yule fisi kama bado mnaonana. Florence pia anawasalimu, ingawa hajui nimeandika.

Nabaki raia anayefuata sheria hata nyumbani kwake,

Elsie Wacuka Njogu (Bi.)
Karani Mstaafu

Tanbihi: Barua hii ilikuwa ndani ya bahasha tayari siku ya Alhamisi. Lakini malalamiko yasiyo na kiambatisho ni porojo, kwa hiyo nilipanda studio kudai nakala ya picha iwe ushahidi. Nilimuuliza Kakenya, kwa ukali kidogo, ile nafasi tupu ni ya mwanamke gani. Akanitazama kama mtu anayeulizwa njia na mwenye nyumba.

"Shosho, si ni yako?" akasema, maana vijana wa hapa humwita bibi shosho na babu guka. "Siku ile nilishinda kwenu, guka alikuwa anaanza kuongea, wewe ndio unamalizia. Hao ndege ni hivyo tu. Mmoja anaanza, mwingine anamaliza, hadi unadhani ni ndege mmoja. Mimi nilikuita mara tatu ukakataa. Guka akasema picha isikatwe, tukungoje."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nikakumbuka kwamba mwezi wa tatu Ezra alisimama mlangoni mwa jikoni akiwa na lile koti, akasema, "Wacuka, twende Kisaju." Nilimjibu nina maharagwe motoni. Hakurudia. Mtu aliyekaa miaka thelathini na moja peke yake ndani ya lori hajui kumwita mke mara ya pili, kwa hiyo akapanda juu ya kokoto. Nami nimeiandikia serikali kurasa nne nikilalamika juu ya mtu aliyekuwa akiniita kila siku saa kumi na mbili asubuhi.

Jumamosi tulikwenda Kisaju, pamoja na Kakenya na kamera yake. Pazia tulilikata katikati, nusu yake na nusu yangu, na kitambaa cha Krismasi nikajifunga kichwani. Nilivyopandishwa kwenye kichuguu si habari ya kuandikiwa ofisi. Ezra akaimba nusu yake, akanyamaza, akategea. Nikaimba iliyobaki. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nimeingoja jikoni siku zote hizo, nikawa naijua. Ndege wenyewe walihamia mti wa jirani wakatutazama. Wanyoike, ambaye alikuwa amekuja kuuliza kazi inaanza lini, ameambiwa asogeze sebule mita tatu, na dirisha lielekee kichuguu.

Kwa hiyo gari lisije. Afadhali unitumie kibali cha ndege wawili, chenye muhuri, na uandike kwamba hawatenganishwi. Ushahidi nimeuambatisha. Ukishauona, naomba unirudishie upesi, kwa sababu picha sasa imeisha na msumari uko ukutani tangu mwezi wa tatu.