Waasisi wa Meza ya Dadu

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata wazo. Nitaandaa hafla ya kuwaenzi waasisi wa mchezo wetu wa mapango: meza moja, penseli, dadu, na Msimulizi anayekuambia mlango gani umeufungua na nini kimekurukia. Ramani zote alizichora mwenyewe kwa mkono, kwenye karatasi zilizobaki ofisi ya upimaji ardhi. Leo nani anamkumbuka? Mimi sijacheza miaka tisa, tangu shujaa niliyemchezesha afe shimoni nami nikaapa sirudi mpaka afufuliwe. Hawakumfufua. Bila shaka kundi lilikufa kwa kunikosa.

Jumanne, 5 Machi
Nimechapa vyeti viwili kazini, bosi akiwa kwenye chai. Mwasisi wa Kwanza: Msimulizi. Mwasisi wa Pili: mimi. Fundi Saa, mwenzetu wa zamani mezani, atadai yeye ndiye aliyeleta dadu. Aliyeleta sufuria si mpishi.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda kumwalika Fundi Saa. Nyuma ya kaunta yake kuna meza. Juu ya meza, ramani mpya kabisa. Akasema, bila kuinua macho, kwamba wanacheza kila Jumamosi saa tisa na hawajawahi kuacha. Miaka tisa! Nikauliza mbona hawakuniambia. Akasema wewe ulisema hurudi, ndugu yangu, tukakuheshimu.
Sijapika leo. Kila Jumamosi saa hiyohiyo huwa napiga pasi mashati, mitaa mitatu tu kutoka kwao. Inauma.

Alhamisi, 7 Machi
Nimempelekea Msimulizi cheti chake. Macho hayaoni vizuri sasa, anachora kwa kalamu nene. Alikisoma polepole, akakiegemeza kwenye redio. Akasema hakuasisi kitu, alikuwa mpweke tu na alikuwa na karatasi nyingi. Cheti changu kilibaki mfukoni. Akaniambia njoo Jumamosi, mwanangu, ila utaanza daraja la chini kabisa kama mgeni yeyote. Nimelia kidogo kwenye ngazi. Nimeapa kuwa mnyenyekevu.

Jumamosi, 9 Machi
Wamenipokea vizuri. Kiti, chai, penseli iliyochongwa. Desturi yao ni kwamba shujaa wa mgeni hubeba taa ya kundi na kutembea nyuma. Nilivumilia milango miwili. Kwenye wa tatu nikawakumbusha kwa upole nani ni Mwasisi wa Pili, nikaweka cheti mezani. Fundi Saa akatua kikombe juu yake. Basi nikatangaza kwamba shujaa wangu anageuka na kutoka pangoni, na taa yake mkononi. Msimulizi akauliza kama nina hakika. Akauliza tena. Wote tunajua akiuliza mara mbili ujue unaharibu. Nikasema nina hakika, nikavaa koti. Nyuma yangu Fundi Saa alikuwa akisema ana mienge mitatu mkobani.

Jumapili, 10 Machi
Mienge huzimika. Wako ndani kabisa ya pango na taa ninayo mimi, kwa hiyo lazima wanipigie. Dada alipiga kuuliza kama nimekula. Nimemkatisha haraka, wasije wakakuta simu inatumika. Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Nimeshawasamehe, ila sitapokea kabla ya mlio wa tatu.