Seva Isiyopigiwa Hodi

Jumatatu, 2 Agosti 1999
Mkutano wa wafanyakazi, ofisini Makutano, hapa Meru. Misheck amekuja kutoka ofisi yetu ya Embu na karatasi kumi na moja. Eti watu wasiojulikana, wengine wa ng'ambo, wamebisha kwenye seva yake mara arobaini wakitafuta faili la maneno ya siri. Eti amewafungia wote. Makofi. Madam Igoki, meneja wetu, alipofunga kwa maombi akaiombea ulinzi seva ya Embu. Yangu ya Meru haikutajwa. Ijumaa anachagua mtu mmoja wa kusimamia zote mbili. Chakula cha mchana kimenishinda. Ni wivu, sikatai.

Jumanne, 3
Nimefungua kumbukumbu za seva yangu. Wageni wa wiki hii: watatu. Wawili ni mimi. Hakuna aliyejaribu mlango, hakuna aliyeomba faili lisilomhusu. Embu wana nini? Bei za kahawa tunazoweka mtandaoni ni zilezile!

Nimepata dawa.

Jumatano, 4
Nimeomba ruhusa ya kung'oa jino. Nikaenda Kinoru kwa binamu yangu Kawira, mwenye ofisi ya kupiga chapa na laini ya intaneti. Tangu saa mbili nimeishambulia seva yangu mwenyewe. Saa nne Kawira akaleta chai na nduma, nikapumzika. Saa saba, githeri. Saa kumi na moja nikafunga kazi. Maombi ya kutiliwa shaka mia tatu na sita. Misheck na arobaini zake!

Alhamisi, 5
Nimempelekea Madam kurasa sitini, shavu nimelishika. Nikangoja pongezi. Akamwita Misheck aje asaidie.

Misheck akazisoma zote. Akauliza ni mshambulizi gani huyu anayekwenda chai saa nne, anakula saa saba na kutoka saa kumi na moja kamili. Akawapigia simu wanaotuuzia intaneti. Laini ni ya Kinoru. Madam akataka kujua jino limeng'olewa wapi. Nikaliachilia shavu.

Ijumaa, 6
Seva zote amepewa Misheck. Mimi niko chini yake, nimwandikie ripoti kila asubuhi. Akanieleza, kwa upole, kwamba Juni kuna mtu alibisha kweli kwangu, akakuta mlango wazi, nami sikusoma kumbukumbu. Kwa upole! Heri angenitukana.

Jumamosi, 7
Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona na ninalikubali. Kinoru ni karibu mno. Rafiki yangu Ishmael ana laini Kianjai, mbali na mji. Jumatatu naanza kuishambulia seva ya Embu. Na ripoti ya mashambulizi ataiandika nani? Mimi.